Kokwa la Futari: Kuotesha Mtende Nyumbani

(Haya ni mazungumzo yaliyotolewa mbele ya vijana wetu mjini Mombasa, baada ya Swala ya Alasiri, katika mwezi mtukufu wa Ramadhan. Tumeyanakili kama yalivyosemwa. Tulichopunguza ni marudio tu. – Mhariri)

  



Kwanza naomba radhi. Walioniita walinitaka nizungumze juu ya vijana na mazingira. Nimeizungusha mada hiyo kichwani siku tatu, nikaona kila nitakalosema mmeshalisikia shuleni na redioni. Kwa hivyo leo nitazungumza juu ya kitu kimoja tu, tena kidogo, ambacho kila mmoja wenu jana magharibi alikitia kinywani akakitema. Kokwa la tende.

Tufanye hesabu. Tuseme msikitini hapa jana tulifuturu watu mia mbili, na kila mtu akala tende tatu. Hayo ni makokwa mia sita kwa magharibi moja. Ramadhan nzima ni makokwa elfu kumi na nane, msikiti mmoja. Yamekwenda wapi? Yamefagiwa. Na si leo wala jana. Wazee hapa wanakumbuka majahazi yakiingia na kaskazi kutoka Basra na Oman, yamesheheni makanda ya tende, kisha yakarudi na boriti za mikoko. Mamia ya miaka watu wa pwani hii wanakula tende na kutema makokwa uani. Sasa nawauliza, na mnijibu kwa ukweli: mbona Mombasa haikuwa msitu wa mitende? Mbona ukitoka hapa mpaka Malindi unaona minazi, miembe na mikanju, na mtende ukiuona mmoja unauonyesha kidole?

Wekeni swali hilo pembeni. Tutalirudia.

Nani hapa amewahi kulitazama kokwa la tende? Sio kulitema, kulitazama. Mnachekana, lakini ndugu zangu, Qur'ani imelitazama. Wafasiri wametueleza kwamba mna maneno matatu katika Kitabu cha Allah yanayotokana na kokwa hili dogo. Kwenye Suratun Nisaa, aya ya 49, mna neno fatil, nao ni ule uzi mwembamba ulio ndani ya ufa wa kokwa. Sura hiyo hiyo aya ya 53 mna naqir, kitone kidogo kilichoko mgongoni mwa kokwa, upande usio na ufa. Na Suratu Faatir aya ya 13 mna qitmir, ule utando mwembamba unaolifunika kokwa, ambao wakati mwingine hukwama kwenye meno. Yote matatu yametajwa kama mfano wa kitu kidogo kabisa: kwamba mtu hatadhulumiwa hata kiasi cha uzi wa kokwa, na wale wanaoombwa badala ya Allah hawamiliki hata utando wake.

Sasa shikeni hilo la naqir, kile kitone cha mgongoni. Leo mkifuturu geuzeni kokwa mkitafute, utakiona kama mtu amedonoa kwa sindano. Hapo ndipo mtende unapotokea. Mti wa mita ishirini, unaoweza kuishi zaidi ya miaka mia, mlango wake ni kile kitone.

Haya, jinsi ya kuotesha. Nitasema taratibu kwa wale wanaoandika.

Chukua makokwa mengi, sio moja. Angalau kumi, na sababu yake nitaieleza mbele. Yaoshe mpaka utamu wote utoke, kwa sababu ukibakisha nyama ya tende utaotesha ukungu, sio mtende. Yaloweke kwenye maji siku mbili, na maji uyabadilishe kila siku. Kisha yafunike kwa kitambaa cha pamba kilichorowa maji na kukamuliwa. Kiwe kimaji, kisiwe kinatiririka. Yatie kwenye kopo lenye kifuniko. Zamani tukitumia mifuko ya nailoni, lakini tangu 2017 serikali imeipiga marufuku, na kopo ni bora zaidi hata hivyo. Weka mahali penye joto. Kwa joto letu la Mombasa popote jikoni panatosha. Kila baada ya siku mbili tatu fungua, liingie hewa, na utazame kama kitambaa kimekauka.

Kuanzia wiki ya tatu hivi mpaka ya nane, utaona kwenye kile kitone kumetoka kitu cheupe kama jino la mtoto. Kitarefuka kiwe kama kimrija. Hapa ndipo watu wanapoharibu. Mtu anadhani huo ni mzizi, mwingine anadhani ni jani, anaupanda ukitazama juu. Ule si mzizi wala si jani. Ni kama kitovu. Mtende haumei pale kokwa lilipo. Unapeleka kimrija chini ardhini, na ni mwisho wa kimrija hicho ndipo mzizi unapotokea kwenda chini na jani kupanda juu. Kokwa linabaki pembeni, likinyonyesha. Kwa hivyo lilaze kokwa, kimrija kielekee chini, ufunike mchanga kiasi cha ncha ya kidole, na usikivute kutazama kama kimefika. Binti yangu alivuta viwili akavikata. Alikuwa na miaka sita.

Chombo kiwe kirefu. Mtende unapenda kwenda chini kabla ya kwenda juu. Mkebe mfupi wa maziwa hautoshi. Mtungi wa mafuta ya kupikia wa lita ishirini, ukaukata juu na kuutoboa chini, ni mzuri sana. Udongo changanya na mchanga nusu kwa nusu ili maji yasituame. Maji yakituama mche unaoza, na miwili yangu iliniozea hivyo, kwa mapenzi yangu ya kuimwagilia asubuhi na jioni.

Jani la kwanza litakapotoka mtacheka. Ni jani moja tu, limesimama kama nyasi. Hata mwaka mzima mche unaweza kuwa na majani mawili matatu ya namna hiyo, na mgeni akija anakuambia "kwani hapa mwapanda nyasi?" Majani yenye vidole, yale ya mtende tunaoujua, huja mwaka wa pili au wa tatu. Andikeni kibao, au wekeni mawe kuuzunguka, kwa sababu mitende mingi imeuawa na watu wazuri waliokuwa wanapalilia.

Ukishafika miaka miwili au mitatu uhamishie ardhini, mahali penye jua la kutwa, mbali na ukuta na mbali na nyaya za stima. Na mbali na njia ya watoto. Sikilizeni hili: chini ya kila kuti la mtende mna miiba mirefu, migumu, na iko usawa wa macho ya mtoto kwa miaka mingi. Mbuzi wazuieni mpaka miiba hiyo itoke. Maji ya kisima yenye chumvi, ambayo yanatuulia mboga zetu hapa kisiwani, mtende mkubwa unayastahimili kuliko karibu miti yote ya matunda. Ukiwa mdogo upe maji matamu ukiweza.

Hiyo ndiyo kazi. Ni rahisi kuliko kulea kuku.

Sasa turudi kwenye lile swali, na hapa naomba mnivumilie kidogo kwa sababu nitaingia nyumbani kwetu.

Mamangu, Allah amrehemu, alipanda kokwa la tende Majengo, uani kwetu, Ramadhan ya mwaka 1991. Hakuloweka, hakufunika, hakujua habari ya naqir. Alilifukia karibu na pale alipokuwa akitawadha, ili maji ya udhu yasipotee bure. Likaota. Nilikuwa kijana wa sekondari, nikimcheka. Nikimwambia, "Mama, hii ni Mombasa, si Madina." Naye akinijibu neno moja tu, "Utaila."

Mti ukakua. Mwaka 1999 ukatoa maua, miaka minane baadaye. Kwanza likatoka ala gumu kama karara la mnazi, likapasuka, na ndani mna mashada meupe yamejaa unga, harufu yake mtaa mzima. Mama alifurahi siku ile kama aliyepata mjukuu. Aliwaita majirani. Tukangoja tende. Maua yakakauka, yakaanguka. Mwaka uliofuata vivyo hivyo. Mpaka akapita mtu anayejua akamwambia, "Mama, huu ni dume. Hauzai."

Nyote mwaujua mpapai dume. Mtende ni hivyo hivyo: dume mbali na jike mbali. Na ukipanda kokwa, ni kama kupata mtoto, nusu kwa nusu. Hakuna mzee wa kitongoji atakayekutazamia mche akakwambia huu ni jike. Maabara siku hizi zinaweza kupima, lakini sisi wa uani tunangoja maua, miaka mitano, sita, minane. Ndiyo maana nimewaambia msipande moja.

Mamangu hakukata tamaa wala hakuukata mti. Alisema una kivuli, uacheni. Akafariki mwaka 2003. Mwaka 2006 mimi na ndugu zangu tukataka kujenga vyumba viwili vya kupangisha pale uani. Wa kwanza kusema mti ukatwe ni mimi. Nilisema, "Dume lenyewe, halizai, la nini?" Nikamleta fundi wa msumeno mwenyewe, nikamlipa kwa mkono wangu. Hilo liwekeni.

Mwaka 2008, Ramadhan iliangukia Septemba, binti yangu alikuja na makokwa kumi kwenye kikombe. Walifundishwa darasani kuotesha maharage, yeye akataka tende. Tukaotesha pamoja, nyumbani kwangu Kisauni. Manane yakaota. Mawili akayakata yeye kama nilivyosema, mawili niliyaozesha mimi, mmoja ukaliwa na mbuzi. Mitatu tukaipanda ardhini. Mmoja ukatobolewa moyo na yule dudu mweusi mwenye pembe anayeharibu minazi, ukafa mwaka 2013. Ikabaki miwili.

Mwishoni mwa mwaka 2016 mmoja ukatoa karara. Likapasuka, na safari hii hakukuwa na unga. Mlikuwa na vijuzi vilivyotundikwa kama shanga za manjano, tena vikiachana. Jike! Nikasema alhamdulillah, tutakula. Shanga zikawa kijani, zikanenepa kidogo, zikakaa tatu tatu pamoja zimebanana, na hazikukua tena. Ukipasua ndani hamna kokwa. Ukionja, kama unatafuna kamba.

Nikamwendea mzee mmoja wa msikitini kwetu aliyeishi Oman miaka mingi. Akatazama, akaniambia kitu ambacho nimekisoma tangu utotoni na sikujua kinanihusu. Akaniuliza kama naijua hadithi ya mitende ya Madina. Nikasema naijua. Mnaijua nyote, iko katika Sahih Muslim: kwamba Mtume (S.A.W.) alipita kwa watu wa Madina wakiichavusha mitende yao, akaona kama haina faida, nao wakaacha kwa kumtii. Mwaka ule tende zikatoka mbovu. Alipoelezwa akawaambia kwamba katika mambo ya dunia yao wao ndio wajuzi zaidi. Yule mzee akaniambia, "Wajua neno lililotumika pale kwa zile tende mbovu? Shis. Na hizi zako ndizo shis. Hizi hapa mkononi mwako."

Wallahi niliduwaa. Hadithi niliyoipitia darasani nikaona ni ya kale, ilikuwa imening'inia uani kwangu.

Akanieleza. Mtende kwa tabia yake huchavushwa na upepo, lakini upepo unataka dume liwe karibu na liwe jingi. Wakulima wa Oman, Iraq, Saudia hawangoji upepo. Dume moja linatosha majike kama hamsini, kwa hivyo wao hupanda majike na kubakisha madume machache, na kila mwaka mtu anapanda juu na kumchavusha kila jike kwa mkono. Hapa kwetu ndugu zangu lile swali linaanza kujibiwa: kokwa lililotemwa likaota moja, ama ni dume likakatwa, ama ni jike likakosa mume, likazaa shis, likakatwa pia. Yote mawili yamekufa kwa kosa moja.

Kisha akaniuliza, "Lile dume la marehemu mamako pale Majengo, bado lipo?"

Nikamwambia tulilikata. Hakusema kitu. Alipangusa mikono akaniomba maji.

Basi msimu uliofuata, mwishoni mwa 2017, karara liliponenepa tena nilianza kuzunguka mitaani nikitazama juu kama mwizi wa kuku. Nikaona mtende dume uani kwa mtu, mtaa wa tatu, umechanua. Nikabisha hodi. Mwenye nyumba akaniuliza nataka nini, nikamwambia nataka maua ya mtende wako kwa ajili ya mtende wangu. Akaita mkewe, "Njoo usikie, kuna mtu amekuja kuposa!" Lakini alinipa, Allah amlipe, na hakutaka hata shilingi.

Kazi yenyewe ni hii. Shada la dume lilikatwa mara tu karara lilipopasuka, nikalikausha kivulini siku moja juu ya gazeti ili unga usipotee. Karara la jike lilipopasuka, tuliondoa miiba ya makuti ya karibu kwanza, nikapanda ngazi, nikachukua vijiti vitatu vya dume nikavikung'uta juu ya maua ya jike, kisha nikavipachika katikati ya shada lake, vikiwa kichwa chini. Nikafunga kwa ukindu, isikaze. Ni siku chache tu ua la jike linapokea, ukichelewa umechelewa. Unga uliobaki ukikauka vizuri unaweza kuutia kwenye chupa na kuuweka kwenye friji mpaka mwaka ujao. Wenzetu ndivyo wafanyavyo.

Na zikashika! Safari hii moja moja, zikinenepa kila wiki. Mwezi wa nne mwaka 2018 zikawa manjano. Lakini mwakumbuka masika ya 2018. Mvua ile iliyoleta mafuriko Kenya nzima. Sasa hili ndilo jibu la pili la swali langu. Waarabu husema mtende unataka miguu majini na kichwa motoni. Unataka maji chini na joto kavu juu, miezi mfululizo, hasa tende zinapoiva. Lodwar, kando ya mto Turkwel, wanalo joto hilo, na mitende yao inazaa. Sisi pwani joto tunalo lakini hewa yetu ina unyevu, na mvua ikija wakati tende zinalainika, zinapasuka, zinachacha, zinaoza mtini. Na zisizooza, kunguru wa Mombasa mnamjua. Nilifunika mashada mawili kwa vipande vya chandarua cha zamani, na hayo ndiyo yaliyosalimika.

Ramadhan ilianza katikati ya Mei. Siku ya kwanza tulichuma zilizosalia. Hazikuwa tamr, hazikuwa hata rutab kamili. Zilikuwa manjano, ngumu kama tufaha, baadhi zimelainika ncha tu. Nyama yake nyembamba na kokwa lake kubwa. Nisiwadanganye, mkiziweka karibu na zile za pakiti za dukani hakuna atakayezigusa. Binti yangu alikuwa na miaka kumi na sita sasa, akazihesabu: arubaini na moja. Tukafuturu nazo.

Tende saba nilizitia kwenye sahani nikampelekea kakangu Majengo, anayekaa kwenye kimoja cha vile vyumba. Alikula moja. Akauliza, "Hizi za wapi, mbona mbichi hivi?" Nikamwambia za kwetu, za mtende. Akatazama pale sakafuni, penye saruji, kisha akaendelea kula. Alizimaliza zote saba na makokwa akayaweka kwenye sahani, hakuyatupa.

Ule mtende wangu wa pili ulichanua 2019. Ni dume. Mke wangu aliuliza kwa mzaha kama nimwite fundi wa msumeno.

Naona mikono. Haya, maswali.

Ndugu anauliza: nikipanda kokwa la Ajwa nitapata Ajwa? Hapana, na anayekuuzia miche ya kokwa kwa jina la Ajwa anakudanganya, ajue asijue. Kokwa lina baba na mama, na mtoto hatoki sawa na mama. Tende zenye majina, Ajwa, Khalas, Barhi, Majhul, huendelezwa kwa machipukizi yanayoota ubavuni mwa mama, ama siku hizi kwa miche ya maabara. Majhul zinazolimwa Marekani zimetokana na machipukizi kumi na moja yaliyochukuliwa Morocco mwaka 1927, tisa yakapona. Na nadhani ndiyo maana katika kisa cha Salman al-Farsi (R.A.), alipoandikiana na bwana wake kujikomboa kwa mitende mia tatu na wakia arubaini za dhahabu, masahaba hawakumchangia makokwa. Walimchangia miche, huyu thelathini, huyu ishirini, huyu kumi, na Mtume (S.A.W.) akaipanda kwa mkono wake mtukufu. Watu wa Madina walijua kazi yao. Kwa hivyo mwenye uwezo wa kupata mche wa Barhi wa maabara, anunue. Barhi huliwa ikiwa bado manjano, kabla haijalainika, na kwa mvua zetu hilo ni jambo kubwa. Mimi nazungumza na asiyekuwa na pesa lakini ana kokwa.

Swali la kina dada limeandikwa kwenye karatasi: "Je, makokwa ya tende zote huota?" Nyingi. Isipokuwa zilizopikwa. Oman wana tende wanaziita mabsli, huchemshwa zikiwa mbichi kisha hukaushwa. Hizo usihangaike nazo. Ama ukongwe usikutishe. Kokwa lililofukuliwa katika ngome ya kale ya Masada, karibu na Bahari ya Chumvi, lenye umri wa kama miaka elfu mbili, liliotesha mche mwaka 2005. Likaja kuwa, mnakisia? Dume. Lakini hawakulikata. Walipanda makokwa mengine ya kale ya eneo lile, akapatikana jike, na mwaka 2020 jike huyo akazaa kwa unga wa dume lile.

Na huyu kijana wa nyuma anasema yeye anakaa Nairobi, ghorofa ya nne. Utaota, ndugu yangu, na utaishi kwenye mtungi wako miaka kadhaa kwenye roshani yenye jua. Tende usizitarajie, Nairobi ni baridi. Ukija likizo uje nao, tutaupandia pwani. Na makuti yake yana kazi; mkindu tunaosukia mikeka na vikapu ni ukoo mmoja na mtende.

Mzee wangu hapa mbele anauliza, na ameuliza kwa upole: mtu wa umri wake apande, atakula lini? Mzee wangu, wewe waijua kuliko mimi ile hadithi ya Anas (R.A.), kwamba Kiyama kikisimama na mmoja wenu ana mche wa mtende mkononi, kama anaweza kuupanda basi na aupande. Pale hakuna habari ya kula kabisa. Mimi nitakuletea mtungi nyumbani kesho, inshallah, na mchanga nitauleta mimi.

Muda umekwisha, naona muadhini ananitazama. Pale mlangoni, kwenye meza ya viatu, nimeweka ndoo mbili. Ya bluu ina makokwa yaliyokwisha kuloweka siku mbili, kila mtu achukue kumi. Mitano ya kwanza kuota msigawe, kaeni nayo mwenyewe. Ya kijani ni tupu. Hiyo ni ya makokwa yenu ya leo magharibi, tafadhalini msiyateme kwenye mkeka. Na mkisha kuchanua, mwenye dume na aandike jina lake na mtaa wake kwenye daftari la jumuiya, ili mwenye jike ajue mahali pa kwenda kubisha hodi.